Akaunti ya Chama cha Kuzikana

Kabla ya Johannesburg sikuwahi kuwa na akaunti ya benki. Niliondoka Tanga baada ya kidato cha nne, bila haraka ya kufika popote, na kila mji niliopitia ulinifundisha namna yake ya kutunza pesa. Blantyre niliziweka kwa mama mmoja muuza maharage, akawa ananirudishia kila nikitaka, bila kuandika na bila kukosea. Tete nilizishonea kwenye pindo la suruali. Maputo nilizitia soksini mpaka zikaanza kunuka, na muuza mikate wa pale kona akawa anazipokea kwa ncha za vidole huku anacheka. Zilikuwa pesa kidogo, lakini zilikuwa na miguu kama mimi. Nikiamua asubuhi kwamba mji umenichosha, jioni mimi na pesa zangu tuko njiani, na hakuna mtu tuliyemwomba ruhusa.

Johannesburg mambo yakawa mengine. Nilipata kazi Randburg, kwenye karakana ya kuvalisha makochi vitambaa vipya, na mwenye karakana akaniambia siku ya kwanza kwamba yeye hampi mtu mshahara mkononi. Wakati huo nilikuwa na karatasi ya mwomba hifadhi, ile ambayo huongezwa muda kila inapokaribia kuisha. Nikaenda nayo benki, wakaipiga picha, wakanipa kadi. Nilipokuwa narudi Hillbrow niliitoa mfukoni mara kadhaa, nikapitisha kidole juu ya jina langu. Nilijiona nimekuwa mtu wa mahali. Sikujua kwamba kadi ile na ile karatasi zina roho moja, kwamba karatasi ikikata roho, kadi nayo imekata.

Sisi watu wa Tanga na jirani zake tulioko huku tulikuwa na chama cha kufa na kuzikana. Kila mwezi mtu anatoa mchango wake, na mmoja wetu akifariki mwili unarudishwa nyumbani kwa ndege. Masheikh wa hapa walituambia mara nyingi kwamba maiti azikwe pale alipofia, ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Tuliwaitikia vizuri, tukaendelea kuchanga. Mtu aliyeishi miaka mingi akiitwa mgeni hapendi kulala moja kwa moja katikati ya watu wasiojua kwao ni wapi.

Mwanzoni pesa za chama zilikaa kwenye debe la mafuta ya kupikia, chini ya kitanda cha mwenyekiti wetu, mtu mzima mwenye spaza, duka dogo la mtaani, kule Soweto. Wezi wakamwingilia. Walikuja kutafuta sigara, wakaondoka na pesa za maiti. Baada ya hapo tukasema tufungue akaunti ya chama. Benki wakataka katiba, muhtasari wa kikao, na watia saini watatu wenye karatasi hai. Tulirudi kukaa chini kwenye stoo nyuma ya duka lake, tukatazamana. Katika watu wote waliokaa juu ya magunia siku ile, aliyekuwa na karatasi hai na akaunti alikuwa mmoja tu, mimi.

"Basi ziwe kwako," alisema mwenyekiti. "Wewe ndiye mweka hazina."

Sikuchaguliwa kwa uaminifu. Nilichaguliwa kwa karatasi. Tangu siku hiyo kila mwanachama akawa anaingiza mchango wake kwenye akaunti yangu kupitia mashine, halafu anatuma picha ya risiti kwenye kundi letu la simu. Wengine wanaandika "Tayari", wengine wanaweka kidole gumba. Ulikuwa utaratibu mzuri. Miaka ilipita, na wenzetu watatu walirudishwa nyumbani kwa pesa zilizotoka kwenye kadi yangu.

Nilikuwa nakaa chumba kimoja na mtu wa Muheza, mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Aliuza sambusa na chai ya tangawizi karibu na kituo cha teksi hapo Hillbrow. Madereva Wazulu walimwita malume, mjomba, na walikuwa wakisimama kwenye robot, taa za barabarani, wanapiga honi ili awapelekee sambusa dirishani kabla taa haijawa kijani. Mimi aliniita yakhe. Kila nilipoanza habari zangu za kuhama, kwamba labda Windhoek kuzuri zaidi, labda nijaribu Gaborone, alikuwa ananisikiliza mpaka mwisho kisha anasema, "Nenda, yakhe. Ukifika utanikuta na huko nakaanga." Tulicheka. Yeye hakuwa mtu wa kuzurura. Alikuja Johannesburg kwa kazi ya mwaka mmoja, akabaki, kama wanavyobaki wengi, kwa sababu kila mwaka pesa ya kurudi nayo ilikuwa haijatosha kumfutia aibu ya kuchelewa.

Ugonjwa wake ulianza kwenye koo. Kwanza aliacha nyama, akasema meno yamechoka. Kisha akaacha wali. Ikafika siku nikamwona anatafuna kipande cha sambusa ili aonje chumvi, halafu anakitema kwenye karatasi. Nilimpeleka hospitali ya serikali, tukapanga foleni, wakampitisha mpira wenye taa kooni. Daktari, kijana mpole aliyekuwa anazungumza taratibu ili tumwelewe, alituambia uvimbe umekwenda mbali. Wangemwekea kibomba ili maji na uji vipite, lakini zaidi ya hapo hawakuwa na la kufanya.

"Ana kwao?" aliniuliza.

"Anako. Mama yake yupo."

"Basi aende sasa, wakati bado anaweza kukaa kwenye kiti. Akizidi kudhoofika, watu wa ndege hawatamkubali."

Akamwandikia barua ya kuruhusiwa kusafiri, akatuonya kwamba barua hiyo haikai muda mrefu.

Tukiwa nje ya hospitali mwenzangu aliketi ukingoni mwa barabara, akaikunja ile barua, akaitia mfuko wa shati. "Nimewaona wale watatu tuliowapeleka," alisema. "Wanashushwa nyuma ya ndege pamoja na mizigo. Mimi nataka kushuka kwa ngazi. Mama anione nina macho."

Huo ndio ukawa mzigo wangu. Si kumponya. Kumfikisha akiwa na macho.

Jumapili tukaenda Soweto kwenye kikao. Mwenyekiti alifungua kwa dua, kisha akakohoa.

"Ndugu zangu, ombi la mwenzetu ni zito na linaumiza. Lakini tufuate katiba."

"Katiba gani, Mzee?" akadakia mmoja kutoka mlangoni. "Si tulifukuzwa benki kwa kukosa hiyo hiyo katiba?"

"Haya, makubaliano. Tulisema kufa na kuzikana. Hatukusema kuumwa na kusafirishana. Leo tukimsafirisha mgonjwa, kesho kila mwenye mafua atataka tikiti."

Watu wakaguna. Mwenzangu akainua mkono. Sauti yake wakati huo ilikuwa imebaki mkwaruzo tu, ikabidi wote wanyamaze.

"Mwenyekiti, maiti nauli yake kubwa. Kuna sanduku, kuna dawa, kuna karatasi za ubalozi. Mimi nikienda nimekaa, nawapunguzia gharama."

Vicheko vikatoka, vile vya watu wanaoona haya kucheka.

"Na ukifika ukafariki, tukugharimie tena?"

"Nikifika nikafariki, pale nyumbani pana majembe na pana majirani."

"Na uwanja wa ndege? Huna kibali miaka yote hiyo. Watakupiga marufuku kurudi kwa miaka mitano."

"Mwambieni huyo bwana wa uhamiaji nimekubali. Kama anataka aandike kumi."

Hapo hata mwenyekiti alicheka, akafuta macho kwa kofia yake. Wakakubali. Tena wakasema kila mtu aongeze kidogo, mgonjwa asifike mikono mitupu kwa mama yake. Tulirudi Hillbrow tumechangamka. Mwenzangu alikuwa ameshanunua blanketi zito la kumpelekea mama yake, na njia nzima nilimtania kwamba kwa joto la Muheza, blanketi lile litamchemsha kizee wa watu.

Jumatatu nikaenda kutoa pesa. Mashine ilinionyesha salio, salio zuri, limekamilika. Nilipobonyeza kutoa, ikakataa. Nikabonyeza kiasi kidogo, ikakataa. Nikaingia ndani, nikapanga foleni, nikafika kwa dada mmoja aliyekuwa na sauti ya upole. Aliniita Baba, kama wanavyoita huku mtu yeyote mwenye mvi mbili tatu.

"Baba, karatasi yako imeisha muda. Akaunti imefungwa mpaka ulete mpya."

"Nimeomba niongezewe kabla haijaisha. Siku hizi tunaomba kwa mtandao, na jibu linakuja kwa mtandao. Wamenijibu kwamba wamepokea, nisubiri. Hii hapa barua yao."

Akaisoma kwenye simu yangu, akaisoma kweli.

"Naamini, Baba. Lakini hii inasema wamepokea. Mfumo unataka karatasi yenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Hilo waulize wao."

"Na mshahara wangu?"

"Utaingia kama kawaida. Pesa zinaingia, hazitoki. Usiwe na wasiwasi, ziko salama."

"Salama na nani?" nilimwuliza. Alirudi kuandika kwenye kompyuta yake.

Hapo ndipo nikasema neno ambalo kwetu angelisema mtu yeyote. Nilifikiri anasita kwa sababu ananiona nina tamaa na pesa nyingi zisizolingana na fundi wa makochi. Kwetu mtu akitazamwa hivyo hujisafisha kwa kusema ukweli: hizi ni amana. Mali ya watu haizuiwi. Hata anayekudai, ukimwambia ni za watu, anaondoa mkono. Nikainama kwenye kioo nikamwambia:

"Dada yangu, hizi pesa si zangu. Ni za watu wengi, mimi nimewekewa tu. Kuna mgonjwa anazisubiri."

Nilimwona akiacha kuandika.

"Si zako?"

"Si zangu. Zangu ni za mshahara tu, nyingine zote ni za watu."

Akanyanyuka, akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa wake alikuja na kiti, jambo lililonipa matumaini kwa dakika moja. Aliniuliza maswali kwa adabu, na mimi, nikidhani kila jibu linanisogeza karibu na mlango, nilimwambia yote. Nikamwonyesha na picha za risiti kwenye simu. Alishukuru. Alisema akaunti ya mtu binafsi hairuhusiwi kubeba pesa za watu wengine, kwamba sasa suala limekwenda kitengo cha uchunguzi, na hata karatasi yangu mpya ikija, kitengo kitataka barua kutoka kwa kila aliyeingiza pesa. Barua iwe na jina lake kamili, kitambulisho chake, anakoishi na kazi anayofanya.

Nilitoka nje nikasimama juani. Watu walikuwa wanapita na mifuko ya ununuzi. Simu yangu ikalia, ikalia tena. Lilikuwa kundi letu. Wanachama walikuwa wanaingiza zile nyongeza tulizokubaliana Jumapili, kila mmoja na picha yake ya risiti. "Tayari." "Tayari, mwambie mgonjwa asalimie Tanga." Mashine zote za jiji zilikuwa zinapokea pesa zile bila kuuliza neno. Niliandika haraka: "Msiingize tena, akaunti imefungwa." Wawili wengine waliingiza kabla ya kusoma.

Jioni jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kikongo kutoka Bukavu anayesuka nywele, alinikuta nimekaa kwenye ngazi kwa sababu lifti imekufa na kwa sababu sikuwa na uso wa kuingia chumbani. Nikamsimulia. Akapiga makofi mara moja, polepole.

"Eh, Papa! Banki ni kinywa ya mamba. Ya kuingia inajua, ya kutoka haijue. Mie nilitoaka franga yangu yote zamani, niko nazilalia."

"Na wakija wezi?"

"Mwizi atanisukuma, nitamuona sura. Ile mutu ya banki, wewe uliona sura yake?"

Akaingia kwake, akarudi na noti zimekunjwa ndogo sana, akanitia mkononi. Hakuwa mwanachama wa chama chetu, wala si wa dini yetu, na alikuwa na watoto watatu wanaomjibu kwa Kizulu kila akiwasemesha. Nilitaka kuzikataa, nikashindwa.

Nilipokwenda Soweto kueleza habari ya barua, stoo ilijaa kuliko Jumapili iliyotangulia. Nilisema nilivyoambiwa. Jina kamili, kitambulisho, anakoishi, kazi. Nilielewa kabla mtu hajafungua mdomo. Wengi wao hawakuwa na kitambulisho cha kuonyesha. Waliokuwa nacho, kilikuwa kimeisha zamani kuliko changu. Maisha yao yote huku yalijengwa juu ya kutoandikwa popote, na mimi nilikuwa nawaomba wajiandike wenyewe na kupeleka.

"Wewe ulikwenda kutoa pesa," alisema yule aliyekaa mlangoni, safari hii bila kicheko, "majina yetu yameingiaje?"

"Niliwaambia pesa ni za amana."

"Nani alikuuliza?"

"Hakuniuliza mtu. Nilitaka wajue si zangu."

"Si ulionyeshwa salio kwamba zipo? Basi na sisi tuonyeshe."

Nikawaonyesha kwenye simu. Lakini salio kwenye kioo cha simu ni tarakimu tu, na mtu akishaanza kutia shaka, tarakimu humzidishia. Mmoja akasema mtoto wa dada yake anajua kutengeneza picha kama ile. Mwingine akasema, si kwa sauti ya kunong'ona, kwamba nimezila, na sasa natafuta njia ya kuwakabidhi kwa polisi ili wasinidai. Mwenyekiti alipiga meza, akawaambia waogope Mungu. Waliogopa, wakanyamaza, lakini alipopitisha kofia ili tuchange upya pesa taslimu, wengi waliiangalia ikipita.

"Tutatoa zile za kwanza zikionekana," walisema.

Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Ilikuwa katikati ya mwezi. Kofia ilitoka na pesa za mwenyekiti mwenyewe na za wazee wawili. Pamoja na noti za yule mama wa Kikongo, hazikufika hata nusu ya tikiti. Nikamwendea mwenye karakana, nikamwomba mshahara ujao anipe mkononi, mara moja tu. Alisema anasikitika, mhasibu wake hawezi. Hata huo wa mwezi uliopita ulikuwa umeshaingia kule kwenye akaunti na kukaa pamoja na pesa za wenzangu. Kwa wiki zile nilikuwa natembea kwa miguu kurudi kutoka Randburg, nikipita mbele ya matawi ya benki yangu yenye taa nzuri na picha za watu wanaocheka.

Mwenzangu nilimweleza siku ile ile ya benki, sikumficha. Alikuwa amekaa kitandani na kikombe cha uji.

"Kwa hiyo pesa zipo," alisema.

"Zipo."

"Wewe umezuiliwa kuzishika."

"Nimezuiliwa."

Alifikiri. "Yakhe, zamani ukizificha kwenye soksi, ulishawahi kukataliwa na soksi?"

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Baada ya hapo aliacha kuuliza. Asubuhi nikiondoka ananiangalia, jioni nikirudi ananiangalia, na mimi natikisa kichwa, basi. Alijinyoa kila siku kwa muda fulani, kama mtu anayeweza kuitwa wakati wowote. Halafu siku moja hakujinyoa. Nilikuwa naandikia ofisi ya uhamiaji, naandikia benki, majibu yanarudi hapo hapo, yameandikwa na mashine: tumepokea, tafadhali subiri. Nilisubiri kwa lugha zote ninazozijua.

Barua ya daktari iliisha muda nayo. Tulimpeleka tena hospitali, mimi na mwenyekiti, tumemshika kwapani. Daktari ni yule yule. Alimtazama kabla hajaketi, na nikajua. Alisema sasa lazima asafiri amelala, na mtungi wa hewa, na muuguzi wa kukaa naye. Gharama yake ilikuwa kitu cha matajiri. Mwenyekiti alitaka kujua kama hawezi kuiandika tu ile barua kama ya kwanza, Mungu atajua mwenyewe.

"Nikiiandika watamshusha mlangoni," alisema daktari. "Wataniuliza kama niliwahi kumwona."

Mwenzangu alielewa Kiingereza vya kutosha. Njiani, ndani ya gari la mwenyekiti, alisema neno moja tu: "Basi." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayemwambia kondakta amshushe hapo.

Alifariki Ijumaa, alfajiri ikiwa inapambazuka, mkono wake juu ya godoro langu kwa sababu vitanda vyetu vilikuwa vimegusana. Habari ilipofika msikitini, wazee wa Kihindi wanaoshughulikia maiti hapo walikuja na kila kitu: sanda, maji, machela, gari. Hawakuuliza karatasi ya mtu. Hawakutaka hata senti. Chama chetu kizima, kilichokaa miaka kikichangia siku kama ile, hakikuwa na la kulipia. Aliswaliwa baada ya swala ya Ijumaa, akazikwa kabla ya jua kuzama kwenye makaburi ya huku, udongo mgumu wenye mawe, kati ya mtu wa Malawi na mtu ambaye hatukujua ni wa wapi. Yule wa mlangoni alikuwa mmoja wa waliobeba machela. Aliniazima koti kwa sababu upepo ulikuwa mkali na mimi nilitoka bila koti.

Karatasi yangu mpya ilikuja baadaye, kwa mtandao, asubuhi moja nikiwa kazini na misumari mdomoni. Mwenyekiti na wale wazee wawili wakajikaza, wakaandika barua zao na kuwadhamini wengine wote, kitengo cha uchunguzi kikakaa nazo kwa muda wake, mwishowe kikaridhika na hizo tatu. Nilibonyeza mashine nayo ikatoa, kwa sauti ile ile ya kila siku. Hatukujua tuzifanyie nini. Yule zilizokusudiwa kwake alikuwa ameshazikwa, si maiti wa kusafirishwa tena wala mgonjwa wa kusafirishwa. Wengi walidai sehemu zao, wakapewa, chama kikafa bila kikao. Kilichobaki mwenyekiti aliamua apelekewe mama wa marehemu kuwa rambirambi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa na mwanawe, nimpigie mimi.

Nilimpigia mchana. Kulikuwa na kuku nyuma yake na mtu anatwanga.

"Mwanangu, nimeambiwa nimeingiziwa pesa nyingi kwenye simu. Ni za nini?"

"Ni za mwanao, mama. Zilikuwa za kumleta nyumbani."

"Mmezipata sasa?"

"Zilikuwepo."

"Kabla hajafa?"

"Kabla hajafa, mama."

Kutwanga kule nyuma kulisimama. Nadhani alimwashiria mtu anyamaze.

"Sasa mbona hamkumleta?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza karatasi iliyoisha, nikamweleza mfumo, nikamweleza kitengo. Kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa mtu wa nyumbani, maneno yale hayakuwa na uzito wowote. Niliyasikia mwenyewe yakitoka na kuanguka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, bila kunikatiza, kama wanavyosikiliza wakubwa wetu.

"Hao wenye benki," alisema, "uliwaambia ni mtoto wa nani?"

Nilimfikiria yule dada wa sauti ya upole, na mkubwa wake aliyekuja na kiti, na yote niliyowaambia.

"Sikuwaambia, mama."

"Ungewaambia," alisema.